Ziwa la Shemeji

Siku moja hunirudia kila nikimwona kijana akifunga mizigo, mjukuu wangu, nayo ni siku niliyokaa ndani ya mtumbwi uliokwama katikati ya matete ya Ziwa Jipe, jua likinichoma utosini, viboko wakikoroma sijui upande gani, na baba yangu mzazi ameketi mbele yangu akinieleza kwamba hatujapotea.

Nimeikumbuka tena jana ulipoumwaga mfuko wako mezani ili nione. Fimbo mpya, mishipi ya rangi, na visamaki vya plastiki vyenye macho mazuri kuliko yangu. Unakwenda Naivasha kwenye mashindano ya kuvua besi, samaki wale wa kuletwa, ziwa ambalo hujawahi kulitia hata kidole, na kila nililokuuliza ulinijibu kuwa limo kwenye simu. Nilinyamaza. Lakini kunyamaza si kukubali, na leo utanisikiliza mpaka mwisho hata chai ikipoa.

Baba yangu alikuwa fundi wa reli pale Voi. Alipostaafu alirudi nyumbani Mbololo, na kwa vile mtu aliyezoea kelele za karakana hawezi kukaa bure, akaanza kuvua kwa ndoano kwenye bwawa la kunyweshea ng'ombe lililokuwa chini ya shamba letu. Mimi nilikuwa mwalimu wa chekechea, bado sijaolewa, na jioni nikitoka shule nilikwenda kukaa naye. Nikajifunza kutunga chambo, kurusha, na kungoja. Bwawa lile lilikuwa na kambare tu, wale weusi wenye sharubu, wanaokula nyungunyungu matopeni. Baba aliwavua mpaka majirani wakachoka kula.

Basi miaka ile ya sabini kilabu moja ya wavuvi wa ndoano pale mjini ikatangaza mashindano katika Ziwa Jipe, kule chini upande wa Taveta. Washindani wawili wawili katika mtumbwi mmoja, siku moja tu, na samaki watakaopimwa ni perege peke yao. Mshindi angepewa kikombe na redio. Baba akaandikisha jina lake na langu kabla hata hajaniuliza.

Sikumlaumu, maana nilijua kinachomkimbiza. Daktari alikuwa amemwambia kwamba ana presha ya macho, na kwamba nuru yake itakwenda kidogo kidogo na haitarudi. Baba alitoka kwa daktari akasema yule mtu mwenyewe amevaa miwani, atajua nini. Lakini nyumbani aliniambia kwa sauti ya chini kwamba anataka jambo moja. Anataka kuvua mara moja katika ziwa la kweli, na ashinde, hali bado analiona boya lake mwenyewe likizama. Nikamwambia tutakwenda, Baba. Ningeweza kusema nini kingine?

Ndipo yakaanza matayarisho, na ndipo uvumilivu wangu ulipoanza kuisha.

Baba alichemsha mishipi katika majani ya chai ili iwe na rangi ya matope. Alitengeneza maboya kwa vizibo vya chupa, akayapaka rangi nyekundu. Alinunua soksi mpya. Aliandaa hotuba ya kushukuru, tena ya Kiswahili na ya Kiingereza, akawa anaisema bandani huku akinoa ndoano. Kila kitu kilitayarishwa isipokuwa ziwa. Nilimwuliza, "Baba, perege wa Jipe wanakula nini?" Akanijibu, "Samaki ni samaki. Ako na mdomo, ako na njaa." Nikamwuliza maji ya huko ni ya kina gani, akasema tutajua tukifika. Maji usiyoyafika hujui wingi wake, mwanangu, na baba yangu hakuyafika wala hakutaka kumwuliza aliyeyafika.

Na aliyeyafika alikuwepo. Hilo ndilo lililokuwa likinikera mpaka nikakosa usingizi. Shangazi yangu Mkawasi, dada pekee wa Baba, alikuwa ameolewa na mzee mmoja wa Taveta aitwaye Elieza, na boma la Mzee Elieza lilikuwa palepale ukingoni mwa Jipe. Mtu aliyezaliwa kando ya ziwa, ambaye angetupa mahali pa kulala, mtumbwi, na maneno matatu ya maana kuhusu perege. Lakini jina lake halikutajwa kwetu. Shangazi alifariki wakati wa mvua kubwa, barabara zikiwa zimekatika. Habari ilichelewa kumfikia Baba, na Baba mwenyewe alichelewa kufika, sehemu nyingine akitembea kwa miguu. Alikuta kaburi limekwisha kufukiwa. Alisimama mbele ya waombolezaji akasema dada yake amezikwa kama mtu asiye na kwao, akageuka, akarudi alikotoka bila kunywa hata maji. Tangu hapo alikuwa na fundo moyoni dhidi ya shemeji yake, na miaka ilikuwa imepita.

Nikamwambia, "Baba, mtaka cha mvunguni sharti ainame." Akanijibu, "Mgongo wangu ni wa reli. Hauinami." Tena alisema hivyo akicheka, kana kwamba ni jambo la kujivunia.

Nilimbembeleza angalau twende tulione ziwa kabla ya siku yenyewe. Akakubali kwa shingo upande, kwa sharti moja, kwamba tusipite kwa huyo mtu. Tukapanda treni ya Taveta na mkebe wa nyungunyungu wa Mbololo, maana aliamini nyungunyungu wetu ni bora kuliko wa wengine. Tulipoteremka tukapata lori la shamba la mkonge, kisha tukatembea. Tulizunguka mbali sana ili tu tusionekane kutoka boma la Mzee Elieza, mimi nimebeba fimbo zote, yeye amebeba heshima yake. Mwisho tukakodi mtumbwi kwa kijana mmoja aliyetuonya tusiende mbali na mlango.

Nikueleze mlango ni nini. Ukingo wa Jipe umezibwa na matete, marefu kupita mtu. Wenyeji hukata njia nyembamba ndani yake ya kutokea majini, na njia hiyo ndiyo huitwa mlango. Tena mengine katika matete hayo hayana mizizi ardhini, yanaelea tu, upepo ukigeuka yanahama yote pamoja. Kijana wa mtumbwi alitueleza hayo. Baba akamwambia asante, akanigeukia akasema vijana wa siku hizi ni waoga.

Tukatoka. Kwa muda fulani maji yalikuwa mazuri, milima ya Pare ikiwa mbele yetu, nami nikaanza kumsamehe. Baba akatia nyungunyungu, akashusha ndoano mpaka chini kama anavyofanya bwawani, tukangoja. Hakuna aliyegusa. Tukahama, tukangoja. Nikamwambia labda huku samaki wanakula juu. Akaniambia mwalimu wa chekechea asimfundishe kuvua. Kisha upepo wa mchana ukageuka, na tulipotaka kurudi, mlango haukuwepo. Pale tulipotokea palikuwa ukuta wa matete. Baba akasema ni mbele kidogo. Tukaenda mbele kidogo. Akasema ni nyuma kidogo. Tukaingia katika mwanya uliofanana na njia, na ule mwanya ukajifunga nyuma yetu.

Ndipo nilipokaa pale nilipokwambia mwanzoni. Kiu, jua, viboko, na baba anayesema hatujapotea, tumekwama kwa muda. Nilimwuliza kwa nini hakuniacha niende mwenyewe kwa Mzee Elieza kuuliza, mimi sina ugomvi na mtu. Akasema, "Wewe ni damu yangu. Ukienda wewe, nimeenda mimi." Nikamwambia basi tufe hapa kwa sababu ya mgongo wa reli. Hayo si maneno ya kumwambia mzazi, lakini niliyasema, na kama ungekuwepo ungesema zaidi.

Tulitoka kwa kusukuma upondo na kuvuta matete kwa mikono, viganja vikikatika, tukifuata mahali popote palipolegea. Jua lilikuwa limekwisha kushuka nyuma ya milima tulipotokea kwenye maji meupe, matete yake yamekatwa vizuri, mlango mpana uliotunzwa na mtu mwenye bidii. Pembeni alisimama mzee mrefu mwembamba, panga mkononi, suruali imekunjwa magotini. Sikuhitaji kuambiwa. Upepo ulikuwa umefunga milango yote isipokuwa ule uliokatwa kila siku, na huo ulikuwa wa Mzee Elieza.

Hakuuliza tumefikaje. Alishika pua ya mtumbwi akauvuta nchi kavu, akasema, "Shemeji, karibu nyumbani." Baba akateremka mtumbwini. Nilimshika mkono tukapanda mpaka bomani, na hata hilo la kushikwa mkono sikulitafakari, nilidhani ni uchovu. Tukapewa vigoda uani. Mzee Elieza akaingia mwenyewe ndani, ingawa walikuwepo wa kutumwa, akatoka na kikombe cha bati kilichojaa maji. Akasimama mbele ya Baba, akakinyoosha kwa mikono miwili.

Baba akatazama mbele. Hakunyoosha mkono.

Mzee wa watu akangoja. Mimi nilikuwa na njaa, nina matope mpaka kwenye nywele, viganja vinawaka, na sasa hata maji yamekataliwa mbele yangu mara ya pili katika boma lilelile. Nikasema, "Baba, hata maji? Mtu anakupa kwa mikono miwili, wewe unamwangalia kama ukuta. Shangazi angeona haya."

Mzee Elieza hakunitazama. Aliniambia kwa upole, "Nyamaza, mwanangu. Na usimsukume mzee. Mtu akisukumwa hainami, anaanguka." Kisha akakisogeza kikombe polepole upande wa kulia, halafu kushoto, mbele kabisa ya uso wa Baba. Macho ya Baba hayakusogea.

"Baba yako hajakataa maji," akasema. "Hayaoni."

Alichutama, akauchukua mkono wa Baba, akauweka kwenye kikombe. "Shemeji, maji ndiyo haya."

Mwanangu, nilitamani ardhi inimeze. Baba akakishika kile kikombe akakaa nacho. Kisha akasema, kana kwamba anaeleza hali ya hewa, kwamba jua likianza kushuka haoni kitu kabisa, na mchana anaona ukungu. Boya hajaliona tangu mvua za vuli. Jioni zote zile bwawani alikuwa akivua kwa kidole, anausikiliza mshipi, na mimi kando yake nisijue. Ndiyo maana hakutaka kuja kuliona ziwa. Angelionaje? Jambo lile moja alilolitaka lilikuwa limekwisha kumponyoka, naye akaendelea kupaka maboya rangi nyekundu ili mimi nisihuzunike. Nilikasirika upya, safari hii bila kujua nimkasirikie nani.

Sisi Wadawida, yaani Wataita, tuna jambo letu la zamani, kutasa. Mtu akiwa na hasira na mwenziwe, hasira hiyo haikai kimya, hutoka ikatafuta watoto na mifugo. Kwa hiyo anachukua funda la maji au la maji ya muwa, anayatema kama manyunyu, na pamoja nayo anaitoa hasira kwa kinywa chake, mbele ya watu. Baba alikuwa mzee wa kanisa. Miaka yote nilimsikia akisema hayo ni ya wahenga, tumeyaacha. Jioni ile alisimama, akatia maji kinywani, akayatema mbele yake, na matone mengine yakanifikia miguuni.

Akasema, "Mkawasi, dada yangu, nilikuja nikachelewa. Elieza, nilikukasirikia kwa kitu barabara ilifanya. Hiyo hasira naitoa. Isipate mtu wa hii nyumba, isipate ng'ombe, isiingie kwa maji."

Mzee Elieza akachukua kikombe, naye akatema. Mkewe ndiye aliyemfundisha, alisema baadaye. Kisha akasema, "Tulikungoja, shemeji. Tulikungoja mpaka mwili ukakataa kungoja."

"Najua," Baba akamjibu. "Hata siku ile nilijua."

Hapo ndipo akanywa. Asubuhi akapelekwa kaburini, akapapasa mawe yake moja moja bila kuharakishwa na mtu.

Sasa usidhani mambo yangu yalinyooka. Tulikaa pale mpaka mashindano, shule zikiwa zimefungwa, na Mzee Elieza akatuonyesha ziwa. Perege wa Jipe, kwa majira yale, walikuwa wakila karibu na juu, ubavuni mwa matete, na walichopenda ni kidonge cha ugali kilichokandwa kigumu. Nyungunyungu wetu wa Mbololo waliishia kwa kuku. Nilijifunza njia, nilijifunza upepo, nikajua asubuhi utupe wapi na mchana utupe wapi. Nikaona kikombe ni chetu, Baba atavua kwa kidole na mimi nitakuwa macho yake. Halafu, usiku wa kuamkia mashindano, Baba akaniambia atakwenda na shemeji yake.

Nikauliza, "Na mimi?" Akasema, "Wewe utatungoja." Wawili kwa mtumbwi mmoja, ndiyo sheria. Nilikuwa nimekatwa na matete, nimebeba fimbo, nimekandia watu wawili ugali wa chambo, na kiti changu kikatolewa kama sahani baada ya chakula. Wazee, mwanangu. Wakipatana ni balaa kuliko wakigombana.

Nilisimama ukingoni siku nzima na kapu. Mitumbwi ikatoka, saa zikapita, firimbi ya mwisho ikapigwa, watu wakarudi mmoja mmoja kupimiwa samaki. Wetu haukuonekana. Mshindi alikwisha kutangazwa, kijana wa mjini mwenye kofia, ndipo nikauona mtumbwi unakuja taratibu, mmoja anasukuma, mwingine anazungumza. Walikuwa na perege wengi na wanene kuliko wa yule kijana, kila mtu aliona. Msimamizi akawaonyesha saa yake. Wamechelewa, hawapimiwi. Mzee Elieza akasema hakuna neno, akaanza kuwagawia samaki kina mama waliokuwa karibu.

Nilimvuta Baba kando. Sikuwa na upole wowote uliobaki. "Ulitaka kushinda mara moja tu maishani. Samaki mnao, mlango mnaujua, firimbi mmeisikia. Mlikuwa mnafanya nini huko?"

Baba alikuwa na magamba ya samaki mikononi na uso umetulia jinsi ambavyo sikuwa nimeuona tangu nikiwa mtoto.

"Alikuwa ananieleza vile Mkawasi alikufa," akasema. "Hakuna mtu alikuwa amenieleza."

Sikumwuliza tena habari ya kikombe. Nuru yake iliisha kabisa mwaka uliofuata, na kila majira ya perege alipanda treni na mtu wa kumshika mkono, akaenda kukaa katika mtumbwi wa shemeji yake. Mmoja aliona boya, mwingine alivuta.

Basi nasaha yangu ndiyo hii, na sitaizungusha. Kuuliza si ujinga. Ukienda kwenye maji usiyoyajua, uliza kina chake, uliza upepo wake, uliza samaki wake wanakula nini, na uwaulize walionywea hapo utotoni. Lakini kabla ya hayo yote jiulize ni nani umemwacha na kinyongo kwenye ukingo ule, kwa sababu utazunguka mbali kumkwepa, na kuzunguka huko ndiko kutakakokupoteza. Na ukimwona mzee mkaidi, usikimbilie kusema ana kiburi. Mtazame macho kwanza.

Wala usiniambie huna mtu Naivasha. Dada yako amejenga huko, ana watoto wawili ambao hujawahi kuwabeba, na hamsemezani tangu harusi yake ambayo hukuhudhuria kwa sababu mnazozijua wenyewe. Nimechoka kuwa na wajukuu wawili, wewe na yeye, kila mmoja akiniuliza habari za mwenzake kwa kujifanya haulizi. Umekodi chumba cha wageni, na damu yako iko umbali wa kutembea. Nenda kwake kwanza. Fika na sukari na majani ya chai, usifike mikono mitupu, na akikupa maji pokea kwa mikono miwili. Hayo ya besi mtayajua baadaye, na msipoyajua, nunueni samaki sokoni.

Sogea hapa basi, nipe hicho kikombe, nami nitase. Ninalo neno juu yako na juu ya dada yako pia, na nalitoa leo nisije nikafa nalo. Lisikufuate njiani, lisimguse yeye wala watoto wake. Uende salama, dada yako akuone kwa mbali akutambue, na Mungu awape ninyi wawili muda wa kutosha wa kuelezana mliyoyakosa.